Sura ya Mbwa Ndani ya Mfuko

Ukibeba mfuko ulioshonwa na Askari kwenda nao sokoni Kola, mbwa walikuwa wanakufuata. Hata uwe umebeba nyanya peke yake. Walitoka kwenye boma za watu wakinusa hewa, wakakusindikiza mpaka kwenye vibanda, na ukiketi kuuza, nao wakaketi. Wanawake walilalamika, wakacheka, na bado wakaendelea kuibeba mifuko hiyo, kwa sababu mfuko wa Askari haukuwa unakatika. Mama yangu alikuwa nao mmoja uliobeba maharagwe, kuni, kuku hai, na siku moja mtoto wa mbuzi aliyezaliwa njiani, na mshono wake haukufunguka hata mahali pamoja.

Ilikuwa mifuko iliyotokana na magunia matupu ya chakula cha mbwa, yale ya nailoni iliyofumwa, yenye picha ya mbwa mkubwa upande wa mbele. Huku kwetu mbwa hula ukoko wa ugali na mifupa. Mimi nina duka la dawa za mifugo pale sokoni, na sijawahi kuweka chakula cha mbwa kwa sababu najua kitakaa mpaka kiote kuvu. Magunia ya Askari yalitoka mbali, Mavoko, kwenye godauni moja alikofanya kazi ya ulinzi miaka mingi, akitembea na mbwa kando ya ua. Wenzake aliowaacha kule walimwekea, wakayafunga kwa kamba na kuyapakia kwenye gari, nami niliyapokea kwa sababu duka langu liko kando ya steji. Ndivyo nilivyomzoea: mzee mrefu, shingo imeinama mbele kidogo, akisimama mlangoni bila kuingia.

"Mwiitu, mzigo yangu imefika?"

Mwiitu ni binti, na wazee wa huku humwita hivyo mwanamke yeyote aliye wa umri wa watoto wao. Mimi nilimwita Askari, kama kila mtu, ingawa alikuwa ameshaacha kazi. Hata mkewe alimwita Askari. Sitaliandika jina lake hapa, na sidhani watu wengi wa Kola wangelikumbuka.

Gunia likifika kwake halikuguswa na sindano mpaka lioge. Magunia yote aliyaloweka kwenye maji ya jivu, akayasugua kwa brashi ya kufulia, akayasuuza, akayaloweka tena. Mafuta ya kile chakula yameingia kwenye nyuzi, alisema, na panya wanayajua kuliko mbwa. Kisha aliyaanika kivulini. Nailoni ikikaa juani inakufa: inakauka, inapauka, siku moja unaishika na inakuwa unga mkononi. Akipita kwa jirani akakuta mfuko wake umening'inizwa juani, aliuondoa na kuuweka chini ya paa, hakusalimia mtu, akaenda zake. Kuna waliomwona ana kiburi kwa jambo hilo.

Alishona kila kitu. Mifuko ya punda ya kubebea mitungi ya maji, miwili iliyounganishwa kwa mkanda mpana ili isimchune mnyama mgongoni. Turubai za kuanikia ndengu. Viota vya kuku vya kutundika ukutani jikoni, ambavyo kuku walivipenda hata wakaacha kutaga vichakani. Magunia ya kuoteshea sukuma, yenye matundu ubavuni yaliyozungushiwa uzi kama vifungo vya shati ili yasichanike. Aproni za wakamuaji. Katekista wetu alishonewa koti la mvua, na alipolivaa mara ya kwanza mbwa walimfuata mpaka kanisani, wakalala mbele ya altare, na padri akahubiri hivyo hivyo. Dari ya nyumba yake mwenyewe aliitengeneza kwa magunia yaliyoshonwa pamoja na kuvutwa kwa waya. Upepo ukiingia chini ya mabati, dari ile ilipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha kitu kilicholala. Mimi sikupenda kukaa chini yake. Mkewe aliniambia ameizoea, lakini aliniambia akiwa anaiangalia.

Jambo ambalo watoto waliligundua kabla ya wakubwa ni kwamba mbwa hakuonekana. Kila gunia lilikuwa na sura ya mbwa, masikio juu, ulimi nje, macho yakikutazama, lakini Askari aliligeuza kabla hajaanza kushona, picha ikabaki ndani. Ukitaka kumwona mbwa ilibidi ufungue mfuko na kuchungulia. Wapwa zangu walipenda mchezo huo, kuingiza kichwa ndani na kupiga mayowe.

Nilimuuliza sababu. Akasema rangi inakaa zaidi ikiwa ndani. Katekista alipomuuliza, aliambiwa kwamba picha inakwaruza mgongo wa mtu. Mtoto wa dada yangu naye aliambiwa, "Amelala. Usimwamshe." Nadhani hilo la mtoto ndilo lililokuwa karibu na ukweli.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mbwa wote wa kijiji walimpenda kwa ile harufu, na hakuwahi kumfukuza hata mmoja, wala hakuwahi kumgusa. Walilala kumzunguka akishona, naye akavuta miguu yake chini ya kiti. Nyumbani hakufuga mbwa. Alikuwa mpole wa kuongea hadi ilibidi umsogelee ndipo umsikie, lakini siku moja jirani alipofunga ndama wake kwa mnyororo, na mnyororo ukalia ukiburutwa kwenye mawe, Askari alitoka nje akampigia kelele yule bwana mpaka watu wakakusanyika. Halafu mchana huo huo akampelekea kamba nzuri aliyoisuka kwa nyuzi za magunia, akamwomba aifungie ndama badala ya chuma. Jirani akakubali. Angekataaje? Mzee alikuwa amesimama pale ameinyoosha kamba kwa mikono miwili.

Kanisani hakukosa Jumapili hata moja. Aliketi benchi la nyuma, upande wa dirisha, akaimba kwa sauti ndogo iliyo sawa. Lakini watu walipopanga mstari kwenda kupokea komunio, yeye alibaki ameketi. Alivuta magoti pembeni ili watu wapite, akaangalia sakafu mpaka wote warudi. Tulizoea. Kwa kawaida mtu asiyepokea huku kwetu anajulikana ana nini: ana mke wa pili, au ndoa yake haijabarikiwa. Askari alikuwa na mke mmoja, wa ndoa ya kanisa. Kwa hivyo watu wakamtafutia la kusema.

Na la kusema walilipata kwa urahisi, kwa sababu kila mwezi, Jumamosi moja, Askari alivaa shati safi, akabeba furushi la magunia yaliyooshwa na kukunjwa, akaenda Katelembo, ng'ambo ya mji wa Machakos. Alirudi jioni. Hakumwambia mtu alikokwenda wala aliyemwona. Furushi hakurudi nalo.

Mkewe alikuja dukani kwangu siku moja, akanunua dawa ya kupe ambayo hakuihitaji, kisha akasimama pale.

"Mwanangu, wewe unajua watu wengi," akasema. "Huko Katelembo kuna nini?"

"Sijui, mwaitu," nikasema, kama tunavyowaita huku akina mama wa umri wa mama zetu.

"Kuna mwanamke. Nilinusa shati yake. Ilikuwa na moshi ya jiko ingine."

Nilimfungia dawa yake. Aliniambia kwamba alishawahi kutoa nguo za mumewe nje, akaziweka juu ya kiti uwanjani, na Askari alipofika jioni akaziona, akaketi chini kando ya kiti, hakujitetea wala hakuondoka. Mwishowe yeye mwenyewe alizirudisha ndani kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika.

Kuna mwaka ambao kikundi cha akina mama wa kanisa kilimwomba awafundishe kushona. Nilijiunga. Alikuwa mwalimu mgumu. Hakusifu. Akiona mshono umevutwa sana alichukua mkasi mdogo na kuukata wote, ukaanza upya, uwe mama wa nani. "Usivute," alisema. "Ngoja ikuje." Alitufundisha kuchoma shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kwa mshazari ili isikate nyuzi za gunia, kukunja ukingo mara mbili, kufunga pembe kwa fundo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote, fundo linalojibana lenyewe mzigo ukizidi. Wakati mwingine alikwama. Alisimamisha sindano hewani, akageuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama anayesikiliza mtu anayemwelekeza, kisha akaendelea.

"Askari, nani alikufundisha?" akauliza mmoja wetu.

"Mwenyewe."

"Ulijifundisha mwenyewe?"

"Hapana. Nasema mwenyewe. Mwenye hii kazi." Akaangalia mfuko aliokuwa ameushika. "Hii sio mimi nashona."

Wanawake wakatazamana. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mmoja alisema yule mzee ana mapepo, huenda aliyaokota huko Mavoko. Mwingine akasema hapana, ni unyenyekevu tu, anamaanisha Mungu. Lakini hakuna aliyecheka, na wote tuliharakisha tufike barabarani.

Siwezi kumwandika bila kuiandika machela. Mama yangu alianguka kwenye mteremko wa shamba, nyonga ikavunjika. Nyumba yetu iko juu mlimani, gari halifiki, na mtu mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kuketishwa kwenye bodaboda. Tulikuwa tunabishana kama tumbebe kwenye kiti au tung'oe mlango, ndipo Askari akafika na miti miwili begani, na katikati yake magunia yaliyoshonwa safu tatu, na mikanda ya kufunga kifua na miguu. Alikuwa ameitengeneza zamani, hakuna aliyemwagiza. Tukamlaza mama. Askari alishika mbele, upande wa miguu, akashuka kinyumenyume mlima mzima ili aone uso wake.

Njiani nilimsikia akimwambia mama, "Samahani. Samahani." Kila jiwe tulilokanyaga, kila mtikisiko. Mama alikuwa na maumivu, lakini hata yeye alishangaa.

"Askari, wewe hujanikosea," akamwambia.

Hakuacha. Tulifika barabarani akiwa bado anasema samahani, na mama alipopandishwa kwenye gari, Askari aliiangalia ile machela tupu hadi nikamwita mara mbili ndipo akanisikia.

Mama alipona, akatembea kwa mkongojo. Machela ile ilihifadhiwa kanisani na iliwashusha wengi baada yake. Wengine walishuka nayo wakiwa wazima kiasi, wengine haikuwa hivyo.

Siku tuliyoujua ukweli ilikuwa siku ya mazishi. Askari alikuja dukani asubuhi, shati safi, lakini hakuwa na furushi. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mwiitu, bwana yako anaweza kutupatia pikapu? Ama wewe utupeleke. Katelembo. Kuna mtu anazikwa."

Niliwapeleka. Mkewe alikaa katikati, uso mbele, mikono imekunjwa. Tulifika kwenye boma ndogo, safi, na tukaongozwa na binti wa marehemu, mwanamke wa umri wangu anayeuza unga sokoni huko, ambaye alimjua Askari vizuri na kumwita mjomba. Mke wa Askari aliliangalia neno hilo likipita. Kisha jeneza likafunguliwa kwa ajili ya kuaga, nasi tukapita. Alikuwa mama mzee, uso mtulivu. Walikuwa wamemfunika kwa kitambaa cha rangi mbili na mkono wa kushoto umewekwa juu yake. Mkono wa kulia haukuonekana. Askari alisimama pale hadi foleni ikajikusanya nyuma yetu. Binti akamshika bega, akamwondoa.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipita Machakos mjini, tukaanza kupanda barabara ya Kola, ndipo aliposema, akiangalia nje ya dirisha:

"Mnyororo haikukatika."

Mkewe akageuka. "Mnyororo gani?"

"Ni mimi nilifungua."

Nikapunguza mwendo. Alituambia yote kabla hatujafika nyumbani, kwa sauti ile ndogo, na mkewe akaegemea upande wake ili asikie.

Godauni lile lilikuwa na mbwa wengi, na magunia matupu mengi. Wakubwa waliamuru yachomwe, wakihofia watu watayatumia kupakia chakula bandia. Wanawake wa karibu walikuja getini kuyaomba, wakafukuzwa. Mama mmoja, fundi wa vikapu na mifuko, aligundua upenyo kwenye ua karibu na shimo la kuchomea takataka. Akawa anaingia mchana, anachukua yale ambayo hayajashika moto, anatoka. Mwenzake Askari alimwona akanyamaza, akafutwa kazi. Msimamizi akamwambia Askari: akiingia tena, fungua mbwa.

"Akaingia siku ya Jumapili," Askari akasema. "Jua ilikuwa kali. Nikamwita atoke. Alikuwa ameinama kwa shimo, hakusikia, ama alisikia akataka kumaliza. Nikafungua klipu ya mnyororo. Nilidhani mbwa atabweka tu. Nilidhani atamtisha."

Mbwa alikuwa amefundishwa kushika mkono, na aliushika. Askari alimwita kwa jina, akamwamrisha, akampiga, na mbwa hakuachia mpaka alipotaka mwenyewe. Askari akaufunga ule mkono kwa gunia lililokuwa karibu, lile lile mama yule alilokuja kuchukua, na kumkimbiza getini. Msimamizi alipofika aliandika kwamba mnyororo ulikatika. Akamwambia Askari akiulizwa aseme hivyo. Naye akasema hivyo. Baada ya hapo wakubwa waliogopa maneno, wakaamua magunia yasichomwe tena. Anayetaka achukue.

"Nikaenda hospitali kumwona," akaendelea. "Akaniuliza, wewe ndio askari wa pale? Nikasema ndio. Akaniuliza, mnyororo ilikatika? Nikasema ndio. Akaniangalia, akasema, pole."

"Yeye ndiye alikwambia pole?" nikauliza.

"Yeye."

Mkono haukurudi. Vidole vilikauka, vikajikunja. Alikuwa fundi, na hakuwa na kazi nyingine, akarudi kwao Katelembo. Askari akaanza kumpelekea magunia kwa sababu hakujua apeleke nini kingine. Akifika na kumkuta anajaribu kushona kwa mkono mmoja, aliketi akamshikia. Kisha akaanza kumchomea sindano pale alipomwonyesha. Kisha akajifunza. Miaka ikapita hivyo: mama yule akikaa upande wake wa kushoto, akimwambia pa kuingia na pa kutokea, asivute, angoje ije. Binti akauza walivyoshona. Alipoacha kazi na kurudi Kola aliendelea kwenda. Furushi lile la kila mwezi lilikuwa kazi ya kushona pamoja.

"Kila nikitoka nyumbani nilijiambia leo nitamwambia," akasema. "Nafika, ananipatia chai, anasema Fundi wangu amekuja. Mimi ndio alikuwa ananiita fundi, na mimi namwita hivyo hivyo. Nashindwa. Sasa ameenda."

Tulikuwa tumeshafika kwenye njia yao, na injini nilikuwa nimezima.

"Miaka hii yote," mkewe akasema, "nilikuwa na wivu na mkono."

Akaanza kulia, na ni Askari aliyemshusha garini.

Baada ya hapo hakuenda tena Katelembo, lakini magunia yaliendelea kuja na aliendelea kushona. Macho yalianza kumpungua. Alishona kwa kupapasa. Watu waliopita karibu na boma lake walimsikia akiongea taratibu, akiuliza kitu, akinyamaza, akiuliza tena. Mkewe aliniambia Jumamosi ni mbaya zaidi. Huvaa shati safi na kukaa kwenye kiti, na upande wake wa kushoto huweka kiti kingine. Mkewe haketi hapo.

Kisha binti wa Fundi, yule muuza unga wa Katelembo, akaja Kola. Alifika dukani kwangu akiuliza njia, siku ambayo Askari alikuwa amepelekwa Machakos kuangaliwa macho. Nilimpa maji. Alikaa kwenye ndoo ya chumvi ya ng'ombe, akazungusha kikombe.

"Nilikuwa nataka kumwona mjomba. Lakini hata nikimwona sijui nitaanzia wapi," akasema. "Anasema aje kuhusu mama?"

Sikujua niseme kiasi gani. Nikamwambia tu kwamba analo jambo ambalo hakuwahi kumweleza, na linamla.

"Kuhusu mbwa?"

Nilimtazama.

"Mama alijua," akasema. "Alimwona. Alikuwa ameinua kichwa, akaona mkono yake kwa klipu, akaona ikifunguka. Alijua kutoka siku hiyo."

"Na hakumwambia?"

"Nilimuuliza hiyo. Nilikuwa nimekasirika, mimi sikutaka huyo mtu aingie kwetu. Nikamwambia mama, mwambie unajua, aondoke. Akasema, nikimwambia najua atalia, nitamsamehe, halafu hatarudi. Na mimi nataka arudi."

Gari lake lilikuwa linajaa. Alisimama, akajipangusa sketi. "Wewe unakaa karibu naye. Ukiona inafaa, mwambie. Mimi nimeshindwa kama vile yeye alishindwa."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Mara nilisema nitamwambia, apumzike. Mara nilifikiria lile neno lenyewe, nataka arudi, na nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyozidi kutojua ni neno la namna gani. Mwishowe nilimwendea mkewe, nikamweleza yeye kwanza. Alikuwa anapepeta ndengu. Hakuinua kichwa.

"Mwambie," akasema. "Lakini mwambie mchana. Kukiwa na jua."

Nilienda saa sita, hakuna hata kivuli. Askari alikuwa uwanjani, magunia yaliyooshwa yamewekwa chini ya paa, mbwa wawili wa jirani wamelala miguuni. Kiti cha pili kilikuwepo. Nilibaki nimesimama. Mkewe alitoka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango.

Nilimwambia moja kwa moja. Kwamba binti alikuja. Kwamba mama yake alimwona akifungua klipu. Kisha nikamwambia yale maneno kama nilivyoyasikia, bila kuongeza.

Askari aliweka sindano kwenye paja. Aliinua mkono wake wa kulia karibu na macho, akauangalia, nao ukiwa umekaribia kiasi cha kugusa uso.

"Alijua," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ile siku hospitali, aliponiuliza kama mnyororo ilikatika. Alikuwa ananipatia nafasi."

Aliushusha ule mkono.

"Na nikasema ndio." Akapumua. "Na kila siku nikienda, akinipatia chai, alikuwa ananingojea. Mimi nakunywa, yeye anangoja."

Nilikuwa nimedhani atalia. Hakulia. Nilimwona akirudi nyuma, Jumamosi kwa Jumamosi, akiingia tena kwenye boma ile ya Katelembo, akisikia tena kila neno aliloambiwa na kulipima upya. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Mwiitu."

"Naam."

"Hiyo maneno ya kutaka nirudi. Alisema akicheka, ama alisema na uchungu?"

Sikujua. Nilitoa simu, nikampigia binti pale pale, nikaiweka kwa spika. Ilikuwa siku ya soko, nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele za bei. Nilimuuliza. Alipokuwa akikumbuka, Askari alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea simu, jicho limefumba.

"Alikuwa anakata uzi na meno," binti akasema. "Alisema akikata. Sikuona uso yake."

Nikamshukuru, nikakata simu. Askari aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu anachokifahamu. Ndiyo, mkono mmoja, lazima akate kwa meno. Alikaa hivyo. Kisha akashika magoti na kusimama. Mbwa wakasimama pia, nao hawakusogea.

Akageukia kile kiti.

"Fundi," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba. "Ni mimi nilifungua mbwa."

Kisha akangoja, kama mtu aliyepiga hodi. Mkewe alikuwa ameinuka kizingitini. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, hakuna jani lililotikisika, na mimi na yule mama tukasimama pale tulipokuwa, tukangoja naye.